Bukavu: Wachezaji wakubwa watembezwa ng'ambo ya ziwa, na upande huu nani atauona?

Ekipe ya mpira ikisafiri kwenda nchi ya wageni, kuna siku ya mechi na kuna siku ya kutembea. Siku ya mechi inajulikana: magoli yanahesabiwa, mshindi anatajwa, watu wanarudi nyumbani wakibishana. Siku ya kutembea ndiyo watu wanaidharau. Inaonekana ni mapumziko tu: kijana anavaa kofia, anapanda gari, anaonyeshwa mlima, anapigwa picha, magaribi anarudi hotelini. Lakini kwa mkaaji wa Bukavu, siku hiyo ya pili ndiyo ya kuangalia kwa makini. Kwenye mechi hakuna anayeweza kuficha matokeo. Kwenye matembezi, anayewatembeza wageni ndiye anayechagua kitakachoonekana na kitakachofichwa.

Na mwenye kuwatembeza akiwa ni serikali, na serikali hiyo ikiwa imelipa mamilioni kusudi wageni wale wavae jina la nchi yake, basi hayo si matembezi ya kawaida tena. Ni tangazo la biashara linalotembea kwa miguu ya wachezaji.

Vyuo vikuu vya Marekani vina desturi hiyo kwa muda mrefu. Sheria za michezo ya vyuo kule zinaruhusu ekipe kwenda kucheza nje ya nchi mara moja katika miaka minne, na safari hizo huchanganya mechi za kirafiki na siku za kuona mji, makumbusho na wanyama. Hakuna ubaya. Mwanafunzi anayesafiri anajifunza. Ubaya unaanza pale anapoonyeshwa nusu ya ukweli, akarudi kwao akiamini ameona yote. Mambo hayo hayako mbali na Bukavu. Yako ng'ambo ya ziwa Kivu.

Walichoonyeshwa

Kati ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei 2022, wachezaji wanne wa Paris Saint-Germain walifika Rwanda: Sergio Ramos, Keylor Navas, Julian Draxler na Thilo Kehrer. Walipelekwa Mbuga ya Taifa ya Volkano kuona gorila wa mlimani. Kabla yao, Oktoba 2019, David Luiz aliyekuwa beki wa Arsenal alitembezwa vilevile. Picha zao zilizunguka dunia nzima kwenye simu: mlima, ukungu, kijani kibichi, mchezaji akicheka.

Mgeni wa kawaida anayetaka kuona gorila Rwanda hulipa dola 1,500. Wageni wanane tu ndio wanaoruhusiwa kuliendea kundi moja kwa siku, na wanakaa nalo saa moja. Saa ikiisha, wanashuka. Ni kazi iliyopangwa vizuri, na Wanyarwanda wanastahili sifa kwa namna walivyotunza wanyama wale.

Lakini tarehe ina maneno yake. Wachezaji wale wanne walipokuwa wakipigwa picha, vita vilikuwa vimekwisha kurudi katika safu hiyohiyo ya milima. Mwishoni mwa Machi 2022, M23 ilishambulia ngome za jeshi la Kongo huko Tchanzu na Runyoni, katika Rutshuru. Tarehe 13 Juni 2022 ikateka Bunagana. Matembezi ya Paris Saint-Germain yaliangukia katikati ya tarehe hizo mbili. Volkano ni safu moja. Mlima Sabinyo unagusa Kongo, Rwanda na Uganda kwa pamoja. Gorila wenyewe hawaombi jetoni kwa mtu yeyote. Wanavuka mpaka wakifuata majani na machipukizi ya mianzi. Mama wa Rutshuru naye alivuka, lakini akiwa na mtoto mgongoni na godoro kichwani. Yeye hakuwa kwenye picha.

Mpango wa siku ile haukuwa na nafasi ya mama huyo. Wachezaji hawakudanganywa kwa neno hata moja. Walionyeshwa kitu cha kweli, kizuri, kisha wakageuzwa shingo kabla hawajaangalia kushoto.

Aliyelipa nauli

Mkataba wa kwanza ulikuwa wa Arsenal, Mei 2018: maneno Visit Rwanda, yaani Tembelea Rwanda, yakashonwa kwenye mkono wa jezi. Magazeti ya Uingereza yalitaja pauni milioni 30 kwa miaka mitatu. Mwezi huohuo wa Mei 2018, upande wa Kongo, watalii wawili Waingereza walitekwa nyara katika mbuga ya Virunga na mlinzi mmoja wa kike akauawa akiwa kazini; mbuga ikafungwa kwa wageni hadi mwaka 2019. Mwezi mmoja, milima mileile: upande mmoja mlango ulifunguliwa kwa jezi, upande mwingine ukafungwa kwa risasi.

Desemba 2019 ikaja zamu ya Paris Saint-Germain. Agosti 2023 ikaja Bayern Munich. Ziara za wachezaji zilikuja pamoja na mikataba hiyo. Anayenunua mkono wa jezi ananunua pia macho ya mamilioni ya watu wanaompenda mchezaji. Na katika mamilioni hayo wamo watoto wa Kadutu, wa Bagira, wa Kalehe, wanaovaa jezi hizohizo za mtumba zilizonunuliwa sokoni kwa franga chache. Mtoto wa Kongo aliyekimbia vita amevaa jina la Rwanda mkononi, na hajui limefikaje pale.

Kilichokuwa nyuma ya picha

Kuna mambo yanayojulikana, na hayahitaji kuongezwa chumvi. Julai 2024, wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika katika ripoti yao kwamba wanajeshi wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 walikuwa wakipigana pamoja na M23 katika Kivu ya Kaskazini. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ikaanguka. Tarehe 14 Februari uwanja wa ndege wa Kavumu ukachukuliwa, na siku zilezile wapiganaji wakaingia Bukavu. Tarehe 21 Februari 2025, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio namba 2773, likilitaka jeshi la Rwanda liache kuisaidia M23 na litoke katika ardhi ya Kongo mara moja. Wajumbe wote 15 walikubali.

Kigali inakataa. Inasema inajilinda dhidi ya FDLR, kundi lenye mizizi kwa watu waliofanya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Hofu hiyo si ya kuchekwa, na hakuna mtu wa Bukavu mwenye akili timamu anayepaswa kuyadharau mauaji ya 1994. Mji huu ulipokea mafuriko ya wakimbizi wa wakati ule na unakumbuka. Lakini wafu wa 1994 hawakuomba wafu wengine. Na mtu anayejilinda nyumbani kwake hahitaji kulala kitandani kwa jirani.

Wakati Bukavu inaanguka, maelfu waliteremka kwenye bonde la Ruzizi wakielekea kusini, kiisha wakavuka kuingia Burundi. Wengi wao walifikia wapi? Kwenye uwanja wa mpira. Uwanja wa Rugombo, katika Cibitoke, uligeuka kambi. Pale ambapo vijana walizoea kukimbiza mpira, familia zililala chini, mvua ikiwanyeshea, zikipanga foleni ya maji. Katika majuma machache Wakongo waliokimbilia Burundi walizidi 60,000.

Huo nao ulikuwa uwanja wa mpira, ndani ya eneo hilihili la Maziwa Makuu, mwaka huohuo. Hakuna ekipe kubwa ya Ulaya iliyoletwa kuutembelea.

Na mambo hayakuishia kwa mpira. Mwishoni mwa mwezi huohuo wa pili 2025, mbio za baiskeli za Tour du Rwanda ziliendelea. Ratiba yake ilipanga hatua moja ifikie Rubavu, mji unaogusana ukuta kwa ukuta na Goma, na hatua nyingine ianzie Rusizi, kule wakaaji wa Nguba na Muhumba wanakoona taa zake usiku bila darubini. Ekipe moja ya vijana, ile ya Soudal Quick-Step, ilijiondoa ikisema haioni usalama. Zingine zilikuja. Tarehe 27 Februari, wakati mbio zikiendelea, milipuko iliua watu kwenye Place de l'Indépendance hapa Bukavu, watu walipokuwa wakitoka kwenye mkutano wa viongozi wa AFC/M23. Kutoka mahali pale hadi mto Ruzizi ni mwendo wa pikipiki wa dakika chache. Septemba 2025 Kigali ikapokea mashindano ya dunia ya baiskeli, ya kwanza kufanyika Afrika. Kamera za helikopta zilionyesha vilima elfu moja. Hazikugeuka magharibi.

Majibu wanayoyatoa

Watetezi wa ziara hizo wana majibu, na haki ni kuyasikiliza moja baada ya lingine.

La kwanza wanasema: michezo na siasa visichanganywe. Ni neno zuri, ila linawarudia wao wenyewe. Nani aliyechanganya? Mkataba haukutiwa sahihi na chama cha wacheza mpira. Upande mmoja ulikuwa idara ya serikali, na fedha zilikuwa za serikali. Serikali ikinunua jezi, siasa imekwisha kuvaa jezi. Anayelalamika si yeye aliyeileta uwanjani.

La pili wanasema: fedha za watalii zinasaidia wanakijiji maskini wanaoishi karibu na mbuga. Ni kweli. Rwanda hutenga asilimia 10 ya mapato ya mbuga kwa ajili ya jamii zinazozizunguka. Kabla ya 2017 ilikuwa asilimia 5. Mkulima wa Musanze aliyejengewa shule hana kosa lolote, na hakuna anayetaka anyang'anywe. Lakini wema unaofanyika Musanze haufuti kinachofanyika Kalehe. Baba anayewalisha watoto wake vizuri hapati kwa sababu hiyo ruhusa ya kuvunja mlango wa jirani.

La tatu wanasema: wachezaji ni vijana, hawajui. Inawezekana. Lakini klabu zina wanasheria, zina washauri, zina watu wa kusoma ripoti. Bayern ilipoanza kuulizwa maswali mwanzoni mwa 2025, ilisema imetuma watumishi wake wakaone hali. Wakatumwa wapi? Rwanda. Ni sawa na hakimu anayesikia kesi ya shamba, akaenda kula chakula cha mchana kwa mshtakiwa, kisha akarudi na kusema ameona shamba.

La nne linasemwa kwa sauti ya chini: Kongo yenyewe ni nchi ya fujo, ingekuwa na utaratibu ingepata watalii wake. Jibu hilo linaumiza kwa sababu ndani yake kuna punje ya ukweli, na punje hiyo itafikiwa hapa chini. Lakini fujo ya nyumbani kwa mtu si mwaliko wa kuingia na bunduki.

Kelele zilizozaa matunda

Kuna wanaosema kwamba kupiga kelele kutoka Bukavu ni bure, kwamba wakubwa wa London na Munich hawasikii. Mambo yaliyotokea yanawapinga.

Mwanzoni mwa Februari 2025, waziri wa mambo ya nje wa Kongo, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliziandikia Arsenal, Bayern na Paris Saint-Germain akizitaka ziache mikataba hiyo. Barua peke yake isingetosha. Lakini washabiki wenyewe waliingia. Zaidi ya watu 70,000 walitia sahihi ombi la kuitaka Paris Saint-Germain iachane na mkataba. Washabiki wa Arsenal waliojiita Gunners for Peace walitoa vitambaa vya mkononi vya kufunika yale maandishi, na kwa utani wakasema ni afadhali jezi iwaite watu waitembelee Tottenham, klabu wanayoichukia kuliko zote.

Agosti 2025, Bayern ikabadilisha mkataba wake: matangazo yakaondolewa, ukabaki mradi wa kuwafundisha vijana mpira Kigali. Novemba 2025, Arsenal ikatangaza kwamba ushirikiano wake na Visit Rwanda unaisha pamoja na msimu wa 2025/2026. Hazikusema zimefanya hivyo kwa ajili ya Bukavu, na hazitasema. Lakini mtu hahitaji kuambiwa mvua imenyesha akiona udongo umelowa.

Paris Saint-Germain ilifanya kinyume. Katika mwaka huohuo ambao Goma na Bukavu zilianguka, iliongeza mkataba wake hadi 2028. Atlético Madrid nayo ikaingia. Kwa hiyo kazi haijaisha.

Kinshasa nayo iulizwe

Sasa ile punje ya ukweli. Kinshasa ilipoona jezi zina nguvu, ilijibu namna gani? Ilinunua jezi zake. Katika mwaka 2025 ilitia sahihi na AS Monaco, na AC Milan, kiisha na FC Barcelona. Mkataba wa Barcelona ulitangazwa mwisho wa mwezi wa saba, ni wa miaka minne, na thamani yake ilitajwa kuwa zaidi ya yuro milioni 40. Maneno yanayoandikwa yanaitangaza Kongo kuwa moyo wa Afrika.

Wako wanaoshangilia: wamejibiwa, nasi tuna jezi yetu. Shangwe hiyo inaeleweka. Mtu aliyepigwa miaka mingi anafurahi akiona ndugu yake ameinua mkono. Lakini hesabu zifanywe polepole.

Tangazo la utalii linamwambia mgeni: njoo. Aje wapi? Goma na Kavumu ndiyo milango ya mashariki, na ilifungwa na vita. Mbuga ya Kahuzi-Biega iko kwenye milima inayoangalia Bukavu. Kituo chake cha Tshivanga kiko umbali wa asubuhi moja kwa gari. Mbuga hiyo ilianzishwa mwaka 1970, ikaandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 1980, na ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza duniani ambapo gorila walizoeshwa kutembelewa na watu. Vizazi vya wakaaji wa Bukavu vinalijua jina la Chimanuka, dume la mgongo wa fedha lililokuwa fahari ya mbuga. Ruhusa ya kuona gorila upande huu ilikuwa dola 400 hivi, karibu robo ya bei ya Rwanda. Lakini tangu 1997 Kahuzi-Biega iko kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Watu wenye silaha, machimbo, makaa, misitu inayokatwa: hayo hayakuletwa na jezi na hayataondolewa na jezi.

Kuna pia ndugu Batwa, waliofukuzwa kutoka msitu ule katika miaka ya 1970 bila fidia. Mwaka 2024 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ulitolewa hadharani: dola ya Kongo ilivunja haki zao. Nchi inayotaka kuuonyesha ulimwengu moyo wake inapaswa kwanza kulipa deni hilo, ambalo halikufanywa na Kigali.

Kosa la Kinshasa ni hili: imeiga dawa ya yule inayemshtaki. Iliwaambia wazungu wa mpira kwamba fedha ya serikali kwenye jezi inaficha mateso ya watu. Miezi sita baadaye, yenyewe ikaweka fedha ya serikali kwenye jezi, huku mateso ya watu walewale yakiendelea. Familia iliyolala kwenye uwanja wa Rugombo haikuhitaji maandishi mgongoni mwa mchezaji wa Barcelona akiwa mazoezini. Ilihitaji turubai, maji safi, dawa ya kipindupindu na njia ya kurudi nyumbani.

Na vijana wa mpira wa hapa nao wanauliza. Bukavu ina ekipe zenye majina, OC Muungano na Bukavu Dawa. Ina uwanja wa Concorde kule Kadutu, ambao kila mtu anaujua. Ina vyuo: Chuo Kikuu Rasmi, Chuo Kikuu cha Kikatoliki, Chuo Kikuu cha Kiinjili, na masomo ya juu mengine chungu nzima, na kila kimoja kina wanafunzi wanaocheza mpira kwenye vumbi baada ya masomo. Mwanafunzi hao wakitaka kwenda kucheza Uvira, Kindu au Kisangani, siku hizi safari yenyewe ndiyo mechi ngumu. Sehemu ndogo tu ya yuro milioni 40 ingebadilisha maisha yao.

Siku moja upande huu

Kama Paris Saint-Germain inaona kwamba kutembea siku moja kunamfundisha mchezaji kitu, basi iongeze siku ya pili. Isiulizwe zaidi ya hapo. Mpango wake si mgumu kuupanga.

Asubuhi, waanzie mpaka wa Ruzizi. Pale watawaona mama wa biashara ndogo ndogo wakivuka na mabeseni ya nyanya, samaki na unga, Wakongo na Wanyarwanda pamoja, wakiitana kwa majina, wakikopeshana. Watafahamu kwamba watu wa pande mbili hizi si maadui, na kwamba chuki hailetwi na mama wa nyanya. Hilo peke yake ni somo ambalo halipatikani kwenye mbuga.

Kiisha wapande Panzi, kwenye hospitali iliyofunguliwa mwaka 1999, ambako Daktari Denis Mukwege na wenzake wamewatibu maelfu ya wanawake waliobakwa katika vita. Kazi hiyo ilimpatia tuzo ya amani ya Nobel mwaka 2018. Wasipige picha huko. Wasikilize tu, kama wahudumu na wagonjwa watapenda kusema.

Mchana wale bugali na sambaza kwa mama mmoja wa Kadutu, wamuulize bei ya unga ya leo na bei ya kabla ya mwezi wa pili 2025. Baada ya chakula wakae na familia moja iliyokimbia kutoka Kalehe au kutoka nyanda za juu, iliyopokelewa na ndugu zake katika nyumba ya vyumba viwili. Wakimbizi wengi wa vita katika Kivu hawako kambini. Wako katika nyumba za jamaa, wanakula chungu kimoja na wenyeji wao ambao nao hawana kitu. Kamera haiwaoni kwa sababu hawana mahema meupe.

Magaribi wacheze nusu saa na watoto, bila waandishi wa habari. Na usiku, wakiwa ukingoni mwa ziwa, waangalie taa za ng'ambo. Zitaonekana nzuri kweli. Ndipo wajiulize kama mkono wa jezi yao umesema ukweli wote.

Siku hiyo haitafanyika kesho. Usalama hauruhusu, na hakuna bima itakayokubali. Lakini hilo ndilo jibu lenyewe. Klabu ikiona hatari kupeleka wachezaji wake Bukavu kwa siku moja, inapaswa kujua ni nani anayetajwa katika ripoti na maazimio kuhusu hatari hiyo, kabla ya kupokea fedha zake.

Yanayodaiwa

Matakwa ya watu wa upande huu yanaweza kuandikwa kwa mistari michache.

Klabu na ekipe zinazoalikwa Kigali, ziwe za kulipwa au za wanafunzi, ziulize kwanza nani analipa, na zisome azimio 2773 kabla ya kusoma ratiba ya hoteli. Zikienda, zidai kukutana pia na wakimbizi wa Kongo walio ndani ya Rwanda na Burundi. Mgeni mwenye heshima ana haki ya kumwambia mwenyeji wake: nionyeshe na chumba kile kilichofungwa.

Paris Saint-Germain na Atlético Madrid zifanye kama Arsenal. Njia imekwisha kufunguliwa.

Kinshasa itoe hadharani mikataba ya Milan, Monaco na Barcelona, ukurasa kwa ukurasa, na iseme ni kiasi gani kinarudi kwenye viwanja, shule na vituo vya afya vya mashariki. Kama hakuna kinachorudi, bunge liulize.

Na kwa familia zilizo ugenini, Burundi, Uganda, Tanzania au kwa ndugu katika komini nyingine: watoto wasivuliwe jezi kwa nguvu wala wasichapwe kwa ajili ya maandishi. Mtoto anampenda mchezaji, hapendi mkataba. Akae na mkubwa wake amweleze maneno yale yanamaanisha nini, yalinunuliwa na nani, na mwaka gani. Kiisha aachwe aende kucheza, na jioni atawaeleza wenzake.